Duka la kutaipu hapa Lamu linalojua nukta mbili zinakaa wapi

Kama una kazi ya kutaipiwa na ndani yake mna maneno ya watu, yaani fulani kasema hivi fulani kajibu vile, basi Lamu yote mimi ntakuelekeza sehemu moja tu, kile kiduka cha kutaipu na fotokopi kilicho kwenye kichochoro cha kupanda juu ukitoka Mkunguni unafuata Usita wa Mui kuelekea Langoni. Kibao hakina, mlangoni pamebandikwa karatasi ya bei za fotokopi na picha za pasipoti, ndani printa mbili, kompyuta ya mezani na dada mmoja wa makamo ambaye anaisoma kazi yako yote kabla hajagusa kibodi. Hiyo ya kusoma kwanza ndio imenifanya niandike maoni marefu hivi manake kwengine unaacha daftari asubuhi unarudi jioni unakuta maneno yote yapo lakini hujui tena nani kasema nini.

Kazi yangu ilikuwa kijitabu cha maneno ya babu yetu Mungu amrehemu, alikuwa nahodha wa mashua za mizigo na sisi wajukuu tuliona kabla hatujaanza kusahau tukusanye yale aliyokuwa akitwambia. Kila mtu katika familia akaleta chake, shangazi akatuma sauti WhatsApp, ami akaandika barua ndefu kutoka Mombasa, wengine vikaratasi, kukawa na shairi aliloandikiwa siku ya arusi yake na aya za Qur'ani alizopenda kuzitaja, mimi nikayatia yote kwenye daftari. Kurasa za mwanzo nilipeleka duka jengine ambalo silitaji, na zilivorudi zilinivunja moyo kabisa. Nukta mbili zimemwagwa kila mahali zisipotakiwa na zile zinazotakiwa hazipo. Kulikuwa na sentensi kama hii: Babu alisema kwamba:- kesho nitakwenda Faza. Halafu mstari wa chini yake: babu alisema maji yakitoka usiyafuate ami akajibu basi tungoje, yote kwa mkupuo bila alama hata moja, sasa msomaji ajue vipi babu kanyamaza wapi na ami kaanza wapi.

Nikazichukua karatasi zile zile nikampelekea huyu dada. Akazisoma kimya, hakusema ubaya wa mtu, akaweka kidole kwenye ile sentensi ya Faza akaniuliza, "Kaka, haya ni maneno yake mwenyewe, au ni wewe unatueleza alichosema?"

Mimi nasema hilo swali peke yake lina thamani ya pesa zote nilizolipa. Kwasababu kila kitu kinaanzia hapo. Kama ni mimi naeleza basi naandika Babu alisema kwamba siku iliyofuata angekwenda Faza, hamna alama za mtajo hamna nukta mbili, na "nitakwenda" inageuka "angekwenda" na "kesho" inageuka "siku iliyofuata", ule usemi wa taarifa tuliosumbuliwa nao shule. Kama ni maneno yake basi "kwamba" inatoka na anaachiwa aseme mwenyewe: Babu alisema, "Kesho nitakwenda Faza." Sio zote mbili kwa pamoja. Ukishaandika kwamba, au kuwa, au ya kuwa, umeshamchukua msemaji umemtia ndani ya sentensi yako, hizo nukta mbili baada yake hazina kazi tena. Nukta mbili ni kama hodi, ukishazipiga unanyamaza ungoje mwenye nyumba azungumze.

Sasa lipo suala la koma na nukta mbili, na hapa ndipo tulikaa sana maana mimi nilikuwa naona ni kitu kimoja. Yeye utaratibu wake ni huu, kama mbele ya maneno kuna kitenzi cha kusema tu, alisema, akajibu, aliuliza, akanambia, anaweka koma, na ndivyo shule nyingi za Kenya zinavyofundisha. Lakini kama yaliyotangulia ni sentensi iliyokamilika, ambayo ungeweza kuitia nukta ikasimama peke yake, hapo anaweka nukta mbili. Mfano uliomo kitabuni kwetu, siku upepo ulipowageukia wakiwa kwenye mlango wa bahari wa Mkanda na vijana wameanza kubishana wapite wapi: Babu aliwanyamazisha kwa neno moja: "Ndia ya baharini haina vibao." Ukifunika kwa kidole yale yaliyo baada ya nukta mbili ikabaki "Babu aliwanyamazisha kwa neno moja", inasimama, huhitaji kuongeza kitu. Basi hapo nukta mbili ni halali yake. Alinifanyia hicho kipimo cha kidole kwenye sentensi kama kumi hivi za daftari na nikawa naona mwenyewe kabla hajanambia.

Nikamuuliza mbona vitabu vyengine vya Kiswahili vinaweka nukta mbili hata baada ya "akasema" tupu. Akasema sio kosa, ni mazoea tofauti, na kweli nimekuja kuangalia baadaye naona ana haki. Waingereza wanapendelea koma baada ya alisema, Wajerumani wao nukta mbili ndio kawaida yao, Wafaransa vilevile. Na Kiswahili cha herufi za kirumi kimepita mikononi mwa wote hao, Wajerumani ni haohao waliofungua posta yao hapa hapa Lamu mwaka 1888 ikadumu mpaka 1891, na kabla ya herufi hizi wazee wetu wa Lamu, Pate na Siyu walikuwa wakiandika tenzi kwa herufi za Kiarabu na hizi alama hawakuzihitaji maana vina vyenyewe vinakuonyesha mstari umeishia wapi. Kwa hivyo sheria moja ya chuma hakuna. Alichosisitiza ni kwamba ukichagua njia moja ushike hiyohiyo mwanzo mpaka mwisho, usiweke koma ukurasa wa tatu na ukurasa wa nne nukta mbili kwa sentensi za namna moja.

Mimi nilichagua koma kwenye mazungumzo ya kawaida yale ya kupokezana haraka, na nukta mbili kwa yale maneno ambayo babu alikuwa anayasema kama wasia, na kwa methali. Methali kwa kweli zinapendeza na nukta mbili, "Alipenda kutukumbusha walivyosema wahenga: Haraka haraka haina baraka", mtu anasimama kidogo kabla hajaisoma, anajua kinakuja kitu. Hili ni pendekezo langu mimi, si lazima likupendeze.

Kitu kimoja alichokiondoa mara nyingi sana kwenye zile kurasa mbovu ni nukta mbili zilizokata sentensi katikati. Babu upepo wa kusi alikuwa akiuita "mwenye deni", na lile duka la kwanza wakaandika Babu alikuwa akiuita: "mwenye deni". Hapo maneno ya babu yamo ndani ya sentensi yangu, ni sehemu yake, akiuita nini? akiuita "mwenye deni", huwezi kupasua kitenzi na kile kinachokikamilisha ukaweka nukta mbili katikati. Alama za mtajo zinatosha. Soma kwa sauti utasikia mwenyewe ulimi unakwama. Naona hata wasomi wanaliandika hili kosa, kwenye ripoti na barua, manake watu wamekariri kwamba palipo na alama za mtajo lazima nukta mbili zitangulie, na si kweli.

Jambo lililonigusa zaidi ni hili la Kiamu, lahaja yetu ya Lamu. Babu hakuwa anazungumza Kiswahili cha vitabuni, alikuwa anasema mai, ndia, mato, mtanga, kama mtu wa hapa. Duka la kwanza walibadilisha yote, maji, njia, macho, mchanga, pengine ni kompyuta inapiga mistari myekundu chini ya kila neno na mtu anaona bora asahihishe. Huyu dada akaniuliza alivyotamka hasa ni vipi, na alipopata jibu akayarudisha moja moja kutoka kwenye daftari langu na sauti za shangazi. Maelezo yangu mimi yaliyo nje ya alama za mtajo aliyaacha kwa Kiswahili sanifu, na pale nukta mbili zinapofungua maneno ya babu kinaanza Kiamu, na zinapofungwa alama narudi mimi. Hakuna mahali nimeeleza "sasa anazungumza babu", haihitajiki. Nilipomsomea shangazi ukurasa wa Mkanda alinikatiza akasema, "Hapa ni baba mwenyewe." Na ule wa duka la kwanza nilipomsomea alisikiliza tu hakusema lolote.

Ndio maana nasema hizi alama si za mapambo. Ukiweka nukta mbili na alama za mtajo umeahidi kwamba yanayofuata ni maneno ya mtu kama alivyoyasema, kwa hivyo huna ruhusa ya kuyapiga pasi. Ukitaka kufupisha unaweka nukta tatu pale ulipokata, ukitaka kuongeza neno ili msomaji aelewe unalitia kwenye mabano ya mraba ijulikane ni lako. Kuna pahali nilitaka kumuongezea babu neno moja sentensi ipendeze, dada akakataa kwa upole, akasema kama ni la kwako litoke nje ya alama. Nikakubali na nashukuru nilikubali.

Barua ya ami ilikuwa na mtihani wake. Ni hadithi ya siku moja nzima ya bahari, karibu ukurasa mzima, na ndani yake ami anamnukuu babu naye babu anamnukuu nahodha wake wa ujanani, yaani sauti tatu moja ndani ya nyengine. Dada ana uzoefu na mambo haya kwasababu anawataipia wanafunzi wa vyuo tasnifu zao, akanieleza kwamba nukuu ndefu haikai ndani ya mstari, inapewa aya yake. Vyuo vina mitindo yao ya kuandika nukuu, wanaofuata ule wa APA wanahesabu maneno 40 na kuendelea, wale wa MLA wanaangalia kama imezidi mistari minne, mimi sikuwa na chuo cha kuniuliza lakini kanuni ikanifaa. Sentensi yangu ya utangulizi inaishia na nukta mbili, ami alituandikia habari za siku hiyo hivi:, halafu mstari mpya, barua yote imesogezwa ndani kutoka ukingo wa kushoto na haina alama za mtajo za nje, manake kule kusogezwa kwenyewe kunaonyesha si maneno yangu. Kwa vile za nje hazipo, babu ndani ya barua akapata alama mbilimbili na nahodha ndani ya babu akapata mojamoja. Na pale ambapo nukta mbili zingefuatana mara mbili ndani ya sentensi moja, babu akasema: nahodha akatwambia:, ya pili akaigeuza koma, inasomeka vizuri zaidi.

Kuna ukurasa mmoja wa mabishano ya babu na rafiki yake baraza la jioni, hapo alishauri tuandike kama tamthilia, jina la msemaji, nukta mbili, maneno, bila alama za mtajo kabisa, mstari kwa kila mmoja. Umetoka mzuri mno. Shairi nalo, utangulizi, nukta mbili, halafu beti zinakaa kwenye mistari yake, hilo lilikuwa jepesi.

Sasa mambo ya mashine ambayo wengi hatuyajui. Kabla ya nukta mbili hakuna nafasi, baada yake nafasi moja, basi. Ukiacha nafasi kabla yake, siku nyengine zinaangukia mwanzo wa mstari wa pili peke yake, sura mbaya. Kile kistari kinachobandikwa baada ya nukta mbili, hii :- ambayo tumeizoea kwenye barua za ofisi, "yafuatayo:-", ni mazoea ya zamani tu na hakiongezi chochote, nukta mbili zinafanya kazi hiyohiyo zikiwa peke yake. Alizifuta zote. Lakini hakuzifuta kwa kuamrisha kompyuta ibadilishe kila nukta mbili kwa pamoja, alipita moja baada ya moja, maana marejeo ya Qur'ani kama 94:5 na saa kama 5:30 zile nukta mbili hazitaki nafasi kabisa, ukiiachia mashine inakupasulia aya yako ikawa 94: 5.

Na hili naomba mlisome vizuri. Kwenye Word, nukta mbili zikifuatwa na mabano ya kufunga inazigeuza kuwa kisura kinachocheka, yenyewe bila kuuliza. Lile duka la kwanza waliandika ndani ya mabano maneno ya ami na nukta mbili mwishoni, na hicho kisura kikatokea kwenye ukurasa wa siku ya msiba. Wakachapisha hivyohivyo, hakuna aliyeangalia. Iliniuma sana, na bibi yangu ndiye wa kwanza kukiona. Huyu dada kwanza kabisa alizima hiyo kazi ya kubadilisha kwenye mipangilio ya programu ndipo akaanza kutaipu, anasema kwake huwa imezimwa siku zote ila siku hiyo alikuwa anatumia laptopu ya kuazima.

Kasoro zipo. Ni mmoja tu anayejua kazi, msaidizi wake anapiga fotokopi na picha lakini nukuu usimpe, mwachie mwenyewe. Kwahiyo anachelewa, na wakati wanafunzi wa vyuo wanapokusanya tasnifu utangoja mpaka uchoke. Umeme ukikatika kazi inasimama, betri ya akiba haina nguvu ya printa. Wino wa ile printa ya pili ni hafifu, omba ya kwanza. Kubaindi wanatumia zile ringi za plastiki ambazo kwa kitabu cha kufunguliwa mara kwa mara hazikai, mimi kubaindi nilikwenda kufanya Mombasa. Na kwenye nakala ya kwanza kulikuwa na kurasa mbili ambapo nukta mbili zimebaki chini kabisa ya ukurasa na maneno yenyewe yamerukia ukurasa unaofuata, nilipomwonyesha akarekebisha bila malipo, aliifunga ile sentensi ya utangulizi iende pamoja na nukuu yake, kumbe kompyuta inaweza, lakini ningependa aone yeye kabla yangu.

Bei nililipa shilingi 50 kwa ukurasa wa kutaipu na 10 kwa kuchapisha, kule kusoma na kuulizana maswali hakunitoza kitu na nadhani anajipunja, nilimuongezea kwa hiari. M-Pesa anapokea. Ijumaa anafunga mapema kwa ajili ya sala na kufungua tena baada ya alasiri, siku za Maulidi usijaribu, mji unajaa na kichochoro hakipitiki kwa watu na punda.

Nampa nyota nne na nusu, nusu nimeitoa kwa ajili ya wino na kuchelewa. Ukienda, mpelekee daftari pamoja na sauti kama unazo, na kwenye daftari lako weka alama ya rangi chini ya yale maneno ambayo ni ya mtu mwenyewe, hata kalamu nyekundu ya kawaida inatosha, utamuokolea muda mwingi. Kama ni kazi ya chuo mwambie siku ya kwanza wanataka mtindo gani. Nenda asubuhi, kabla jua halijaingia kichochoroni na watu wa picha za pasipoti hawajapanga foleni.